Kiraka cha Kiti cha Nyuma

Gari la Mzee wa Saa liliingia gereji likivutwa kwa kamba na lori la mchanga, na kila aliyeliona alicheka kabla hajalihurumia. Halikuwa na grili. Pale mbele, kati ya taa mbili za mviringo, palikuwa na pengo jeusi, na ndani ya pengo rejeta iliyoliwa na kutu.

"Kibogoyo," alisema Fundi, na jina likanata hapohapo.

Fundi alikuwa shemeji yake Mama Viti, mdogo wa marehemu mume wake. Gereji aliianzisha marehemu. Alipofariki, kazi ya vyuma ikabaki kwa mdogo wake, na kazi ya viti ikabaki kwa mjane, kama ilivyokuwa tangu mwanzo. Walikuwa wakifufua magari ya zamani, yale ambayo wenyewe hawana moyo wa kuyauza wala wa kuyatupa. Kazi hiyo haitaki pupa. Gari linaweza kumaliza mvua na kiangazi likisubiri kitasa kimoja cha mlango, maana spea zake haziko dukani. Huwa ziko nyuma ya nyumba za watu, kwenye magari yaliyokufa ambamo kuku wanataga.

Chumba cha Mama Viti kilikuwa pembeni mwa gereji, chenye dirisha moja na cherehani nzito inayotoboa ngozi iliyokunjwa mara tatu. Kila alipoanza kiti alikiwekea mkono, akafumba macho, akamwambia Mungu maneno machache, ndipo akashika wembe. Alikuwa na desturi yake ya kazi: hafumui kiti hovyo. Hutoa kipande kimoja kimoja cha ngozi ya zamani, anakiwekea alama ya chaki, kisha anakilaza juu ya ngozi mpya na kukata kwa kukifuata. Na hatupi cha zamani mpaka kipya kikae.

Mzee wa Saa alitengeneza saa za watu maisha yake yote, kwenye kibanda ambacho ukiingia hujui usikilize mlio upi. Sasa jicho la kulia lilikuwa limekwisha, na la kushoto lilikuwa linalifuata. Daktari alisema atalipasua, lakini hakuahidi kitu.

"Nataka nilione gari langu zima kabla hawajanigusa jicho," alimwambia Fundi. "Wakishanigusa, shauri ya Mungu."

Kisha akamwomba Mama Viti aingie naye kiti cha nyuma. Akamshika mkono, akauweka upande wa kushoto, penye kiraka.

Kilikuwa kipande cha ngozi nyeusi, ukubwa wa kiganja, juu ya kiti cha rangi ya kahawia. Kimeshonwa kwa uzi mweupe wa viatu, mshono mmoja mrefu, mwingine mfupi, mwingine umekwenda zake upande. Pembe moja ilikuwa imejikunja. Fundo limeachwa nje.

"Viti vyote fumua, shona upya, rangi ileile," alisema mzee. "Hiki kibaki. Usikinyooshe, usikikaze, usikisafishe. Kihamishie kwenye kiti kipya kama kilivyo."

"Mzee wangu, kitaharibu kiti."

"Kiharibu."

"Kilishonwa na nani?"

"Marehemu mke wangu," alisema mzee, akashuka garini.

Mama Viti alifanya kama alivyoambiwa. Kipande chenye kiraka alikitoa peke yake, akakitia kwenye mfuko na kuutundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Akashona viti. Na alivishona kweli. Alichagua ngozi kama mtu anayechagua mkwe, akaipiga mishono ya mistari kama ya kiwandani, akajaza sponji mpaka kiti kikawa kinakuita. Fundi alipopita alisimama mlangoni na chai yake.

"Shemeji, hapa mtu hakai. Hapa mtu anatawazwa."

"Toka hapo na mafuta yako."

Lakini kila alipomaliza sehemu, macho yake yalienda kwenye msumari. Kiraka kile juu ya kiti chake kingekaa kama inzi kwenye shela la bibi harusi. Hakumwambia mtu. Aliliona wazo hilo likimjia, akalifukuza, likarudi na kukaa palepale.

Injini iliwaka. Rangi ilipigwa. Kilichobaki ni meno.

Fundi aliitafuta grili ile kama mtu anayetafuta mtoto aliyepotea. Alipiga simu kwa kila mwenye gereji aliyemfahamu. Alipanda mabasi. Siku moja alirudi na grili begani, jasho likimtoka, akaiegemeza kwenye gari, na wote wawili wakaona palepale kwamba ni pana mno.

"Haya ni meno ya shangazi yake," alisema Mama Viti.

"Usinichekeshe, shemeji, nimelala stendi kwa ajili ya haya meno."

Mwishowe habari zilimfikia Bwana Sumaku. Huyu aliishi kwa spea chakavu, na aliitwa hivyo kwa sababu chuma chochote kilichopotea mjini kilijikuta uani kwake. Kwa vitu vya kawaida alipokea pesa kama watu wengine. Kwa vitu adimu alikataa pesa, alibadilishana. Alisema pesa utapata popote, lakini grili hii ikitoka hairudi, kwa hiyo nayo itoke kwa kitu kisichorudi.

Alikuja mwenyewe asubuhi, na pikapu yake, wakati Fundi amekwenda kujaribu gari jingine barabarani. Akaingia chumba cha viti amekumbatia kitu kilichofungwa blanketi. Akakifungua juu ya meza ya kukatia.

Mama Viti alisogea karibu. Ilikuwa yenyewe. Haina kutu, haina mkunjo, na katika kila jino lake aliuona uso wake umekatwa vipande virefu vyembamba.

"Nina mteja ana gari kama hili lenu," alisema Bwana Sumaku. "Viti vyake vililiwa na panya vikaisha. Mshonaji wake hajawahi kuona vya asili. Nipe ngozi zenu za zamani akatie kwa kuzifuata, chukua grili. Mmeshashona, hamna kazi nazo."

"Zipo," alisema Mama Viti, na moyo ukampiga kwa furaha. Akamletea furushi la ngozi za zamani.

Bwana Sumaku alizipanga sakafuni moja moja kama mtu anayegawa karata. Kiti cha dereva. Cha abiria. Mgongo wa nyuma. Akafika mahali, akasimama na mikono kiunoni.

"Na cha nyuma kushoto, cha kukalia?"

"Hicho si cha kutoka."

"Kwa nini?"

"Ni amana ya mtu."

"Na grili hii ni ya nani? Ya kunguru?"

"Nitakukatia cha karatasi, Bwana Sumaku. Nitakupimia mpaka tundu la mwisho."

"Mteja wangu hataki ramani, mama, anataka ngozi. Kaniambia seti nzima." Akaanza kulirudisha blanketi juu ya grili, polepole, kama anayefunika maiti. "Hakuna ubaya. Kuna mtu mwingine anaipitia mchana."

Binti wa Mzee wa Saa alikuwa amepiga simu jana yake. Daktari amesogeza siku. Baba anaingia hospitali wiki ijayo. Mama Viti alilitazama blanketi likipanda. Akawaza jicho la mzee. Akajiambia, mtu akiwa amebakiwa na mwanga kidogo hivi, aone gari au aone kiraka?

Njia nyingine ilikuwepo, nayo ilimpita kichwani, aliiona waziwazi. Angeweza kusema, subiri kidogo. Angechukua wembe, akakikata kiraka pamoja na ngozi iliyokizunguka, akampa Bwana Sumaku kipande chenye dirisha katikati. Bwana Sumaku angenung'unika, angekubali. Kingo zote zingekuwa zipo, na mshonaji hufuata kingo. Muda wake ungekuwa wa kuchemsha chai.

Hakusema subiri. Alikwenda mlangoni, akautoa mfuko kwenye msumari, akamkabidhi.

Pikapu ilipotoka getini, alisikia kitu kifuani kikilegea, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Hilo ndilo lililomtisha. Si huzuni iliyomjia kwanza. Ni nafuu.

Fundi aliporudi na kuiona grili alipiga yowe mpaka wa jirani wakachungulia. Alimbeba shemeji yake juujuu, akamzungusha.

"Niteremshe, mtu mzima hovyo!"

"Marehemu angekuoa mara ya pili!"

Jioni ileile alianza kuifunga, na Mama Viti akajifungia chumbani kwake.

Alihitaji ngozi nyeusi iliyozeeka. Dukani ngozi ni mpya, na mpya inajisema yenyewe. Akatafuta kwenye vitambaa, akatafuta kwenye kabati, mwisho macho yakatua kwenye mkoba wake wa kanisani. Ulikuwa mweusi, umelainika kwa miaka ya kushikwa. Akatoa kitabu cha sala, leso na miwani, akaviweka mezani, akakata kipande ukubwa wa kiganja.

Mara ya kwanza kikatoka sawasawa. Alijitahidi kupinda, lakini mkono wake haukujua kupinda. Kila mshono ulikwenda kukaa mwenzake alipokaa. Akafumua. Akahamishia sindano mkono wa kushoto. Ilimchoma, ikateleza, ikaenda zake upande, na ndipo kikaanza kufanana. Akaikunja pembe moja. Akaacha fundo nje. Akapaka majivu kidogo na kiwi ya viatu, akasugua kwa kidole gumba.

Kabla ya kuanza hakukiwekea kiti mkono, wala hakumwambia Mungu kitu. Aliligundua hilo alipomaliza.

"Umekihamisha vizuri," alisema Fundi, akiinama kukitazama. "Kibaya vilevile."

Mama Viti akatikisa kichwa kukubali.

Jumapili alikwenda kanisani na kitabu chake kwenye mfuko wa plastiki. Mfuko ulipiga kelele kila alipousogeza. Mama anayekaa naye benchi moja akamgeukia.

"Mkoba vipi, umeibiwa?"

"Umechanika."

"Mshonaji mkoba wake umechanika! Makubwa haya." Akacheka, akamsukuma kwa bega. "Ulete basi nikushonee mimi."

Mama Viti akacheka pia. Walipopiga magoti, maneno yalifika kwenye midomo yake, yakasimama, yakarudi yalikotoka. Aliwasikia wenzake wakiendelea mbele, akabaki nyuma peke yake kama mtu aliyeachwa na basi.

Mzee alikuja siku mbili kabla ya hospitali, ameshikwa mkono na binti yake. Fundi alikuwa amelitoa gari nje, juani, likiwa limeng'arishwa mpaka mawingu yanapita juu ya boneti. Mzee alisimama mbele yake. Akaligeuzia jicho lile moja, akainamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya juu ya saa. Akapitisha vidole kwenye grili, jino baada ya jino.

"Kibogoyo kaota meno!" alisema, akaanza kucheka, kicheko cha kitoto kilichomtoa machozi. "Fundi, wewe ni mchawi. Binti yangu, umeona? Hivi ndivyo lilivyokuwa siku tulipolileta nyumbani. Hivihivi!"

"Nimeona, baba."

"Pole na kazi, Mama Viti. Mungu akuongezee mikono."

"Amina, mzee," alijibu.

Mzee akaingia kiti cha nyuma. Binti akakaa kwenye usukani kuisikiliza injini. Mama Viti alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia, akaona vidole vya mzee vinatembea juu ya ngozi mpya, vinatafuta. Vikafika. Vikatulia.

"Huyu aliyekaa mbele ndiye aliyetoboa," alisema mzee, kwa sauti ya chini. "Alikuwa mdogo, kashika mwavuli, kauchomeka. Niliwaka. Gari lilikuwa jipya, na mimi nilikuwa nalipenda kupita kiasi. Mke wangu akangoja nimeingia dukani, akavua kiatu chake kikuukuu, akakata kipande, akaziba palepale kwa uzi wa viatu. Alitaka nikirudi nikute pamezibwa."

"Baba," alisema binti kutoka mbele.

"Acha niseme. Nikarudi na rafiki zangu. Nikacheka. Nikamwambia mbele yao, umelifanya gari langu kiatu. Kibaya kama nini, nikamwambia. Na yeye akacheka na sisi. Hakushika sindano tena nyumbani kwangu. Hata kifungo. Nilipeleka vifungo vyangu kwa mafundi mpaka amekufa, na sikumwambia pole."

Akainama. Akaweka kiganja chote juu ya kile kipande cha mkoba.

"Mke wangu," alisema, "nisamehe. Kilikuwa kizuri."

Mama Viti alifungua kinywa. Kwenye kioo cha dereva akayaona macho ya binti yamejaa maji, yanamtazama yeye, na midomo yake ikisema asante bila sauti. Akakifunga kinywa. Gari likaondoka, likapiga honi getini, Fundi akipunga mkono kama anayeaga ndege.

Alimwambia Fundi hapohapo, kabla vumbi halijatulia. Alimwambia yote, na mkoba akamletea, na shimo lake.

Fundi alikaa juu ya tairi.

"Shemeji. Shemeji yangu. Sasa ndiyo nini?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi mwache mzee. Kaona gari, kalia, katubu, kaondoka na amani yake. Unataka ukamfufulie msiba?"

"Kaomba msamaha mkoba wangu."

"Kwani Mungu anaangalia mkoba? Kamsikia."

"Kamsikia yeye," alisema Mama Viti. "Mimi ndiye hanisikii."

Fundi akautazama uso wake. Akamnyooshea funguo za gari la gereji. "Nenda. Breki zake uzikanyage mapema."

Uani kwa Bwana Sumaku milango ya magari imesimamishwa mstari kama vitabu, na taa zinakutazama kutoka kila upande. Mwenyewe alikuwa chini ya kibanda cha mabati na mshonaji wa mteja wake, kijana wa watu, amekaa katikati ya ngozi na mikono kichwani.

"Karibu, mama! Umekuja kutucheka?" alisema Bwana Sumaku. "Bingwa wetu kazisafisha zote siku moja, chaki zako zikafutika, naye hakuandika kitu. Sasa hajui ipi kiti ipi mgongo."

"Kiraka kiko wapi?"

"Kiraka gani?"

"Kilikuwa kwenye cha nyuma kushoto. Cheusi."

Mshonaji akakumbuka. Alikuwa amekibandua kabla ya yote, maana kilimzuia kulaza ngozi. Hata Mama Viti angefanya vivyo hivyo, kama ngozi ingekuwa ya gari lingine. Alikitupa wapi? Kwenye ndoo, labda. Ile ya matambara ya kufutia mikono.

Mama Viti alipiga magoti mbele ya ndoo, akatoa tambara moja baada ya jingine, meusi kwa mafuta. Kiraka kilikuwa karibu na chini. Kimelowa grisi upande mmoja. Uzi ulikuwa umekatwa pembe tatu. Ya nne ulikuwa umebaki, na fundo lake lipo.

Akakishika. Kwa karibu hivyo aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona siku zote kilipokuwa kwenye msumari. Matundu yalikuwa yamepigwa kwa kitu kinene, si sindano ya ngozi, pengine pini ya nywele. Kila tundu lilikuwa limesukumwa kwa nguvu. Mwanamke yule alikuwa na haraka, mume wake yuko dukani, na alitaka kumaliza.

"Nakichukua," alisema.

"Ahaa! Hapa tunabadilishana, mama," alisema Bwana Sumaku, nusu utani. "Unanipa nini?"

"Nitawapangia ngozi zote, nitawashonea viti mimi mwenyewe. Huyu atakaa nami ajifunze kuweka alama."

"Kwa kiraka?"

"Kwa kiraka."

Bwana Sumaku akamtazama kwa muda, halafu akatazama ndoo, kana kwamba huenda kuna kingine cha thamani alichokuwa akifutia mikono bila kujua. "Chukua," alisema. "Na mimi niombee huko unakokwenda."

Kwa Mzee wa Saa hakuenda kabla ya hospitali. Alijiambia asimtikise mtu anayekwenda kupasuliwa. Ilikuwa sababu ya kweli, na aliiogopa kwa sababu ilimfaa. Alingoja mpaka binti alipopiga simu kusema baba yuko nyumbani, jicho limefungwa, daktari atalifungua baadaye ndipo wajue.

Binti alimfungulia geti. "Yuko kwenye gari," alisema. "Kila siku mchana anakaa humo. Ukimwambia atoke anakwambia anasubiri abiria."

Gari lilikuwa kivulini kando ya nyumba, mlango mmoja wa nyuma wazi. Mzee amekaa nyuma, kushoto, bandeji nyeupe imezunguka kichwa, mkono wake uko palepale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sauti hii ni ya viti." Akatabasamu. "Ingia, ukae juu ya kazi yako."

Hakuingia. Alisimama nje ya mlango na kumwambia. Alianza na grili akaona anajipamba, akaacha, akaanza upya. "Hicho ulichokishika si chake. Nilikitoa cha... cha mke wako, mzee, nilikitoa nikapata grili. Hicho nilikishona mimi. Ni mkoba wangu."

Mkono wa mzee haukuondoka mara moja. Uliondoka taratibu, ukarudi kwenye paja lake, ukalala huko umefunguka.

"Cha kweli kiko wapi?"

Akamwekea kiganjani. Vidole vile vya saa vikakizunguka, vikapita kwenye kingo, vikatafuta pembe, vikatafuta fundo.

"Uzi umekatwa."

"Ndiyo."

"Umekatwa na wewe?"

"Na mshonaji mwingine. Lakini niliyekitoa ni mimi."

Ndani ya nyumba binti alikuwa akisogeza sufuria. Mzee alikuwa mtu wa kufungua na kufunga vitu vidogo maisha yake yote, na Mama Viti alijua swali linalokuja kabla halijaja.

"Ungeweza kukibandua ukabaki nacho," alisema mzee. "Ukampa ngozi tu."

"Ningeweza."

"Hukujua?"

"Nilijua."

"Basi kwa nini?"

Alikuwa na jibu. Alilibeba tangu asubuhi ile ya grili, limekunjwa vizuri: nilitaka ulione gari lako zima, mzee, jicho lako lilikuwa linakwisha. Lilikuwa kweli, kila neno, na lingempa mzee kitu cha kumshukuru.

"Kilikuwa kibaya," alisema. "Kiliniharibia kiti. Kilipoondoka nilifurahi."

Mzee alivuta pumzi. Ilitoka kama kicheko, lakini haikuwa kicheko.

"Hata wewe," alisema.

Akakifunga kiraka ndani ya ngumi, akaweka ngumi kifuani.

"Fumua," alisema mzee mwishowe.

"Sasa hivi?"

"Una wembe?"

Alikuwa nao, hakutembea bila wembe. Akaingia, akakaa ukingoni mwa kiti alichokishona mwenyewe, akainama. Ule uzi alioupinda kwa mkono wa kushoto ulikatika kwa urahisi. Kila mshono ulitoa mlio mdogo, tik, na mzee aligeuza sikio akausikiliza, kama saa ya mtu iliyoletwa kibandani.

"Umefika wapi?"

"Upande mmoja."

"Endelea."

Kipande cha mkoba kikabaki mkononi mwake. Mzee akanyoosha kidole, akagusa ngozi mpya mahali pale. Ilikuwa laini, ila mstari wa matundu uliokwenda ovyo, ukizunguka mraba usio na kitu.

"Haya yatabaki?"

"Yatabaki, mzee. Ngozi ikitobolewa haijifungi."

"Yaache."

Mama Viti akafungua mfuko wake wa plastiki, akatoa uzi mweupe wa viatu. Alikuwa ameuleta. "Nikishone sasa?"

"Hapana," alisema mzee. Ngumi bado ilikuwa kifuani. "Nitakuita."

"Lini, mzee wangu?"

"Nimesema nitakuita."

Akaurudisha uzi. Akashuka, akasimama kidogo karibu na mlango, akangoja labda neno jingine. Mzee alikuwa ameugeuzia uso upande wa dirisha, bandeji yake nyeupe kwenye kioo, na midomo yake ilikuwa ikisema kitu ambacho hakikuwa chake Mama Viti kukisikia.

Akaenda kuaga kwa binti, akatoka getini na mfuko wake wa plastiki ukipiga kelele njia nzima.